Kiuno kisichoacha kuuma: mwongozo wa fundi cherehani

Desemba kwetu mafundi ni mwezi wa sare za shule. Unakaa kwenye cherehani baada ya swala ya alfajiri, unainuka kula, unarudi, mpaka saa nne usiku. Mwaka ule nilichukua oda ya sketi na mashati ya shule mbili hapa Ngamiani, Tanga. Siku ya tarehe 29 niliinama kuokota chaki iliyoanguka chini ya meza. Chaki tu. Kiuno kikakaza palepale, nikabaki nimeshika ukingo wa meza, kusimama siwezi, kukaa siwezi. Wasichana wawili ninaowafundisha kazi ndio walionifikisha kitandani.

Nikasema ni uchovu, wiki itapita. Ukapita mwezi, ikapita mitatu, ukapita mwaka. Leo ni mwaka wa sita. Nashona, nachota maji, nasali kwa rukuu na sujudu, na maumivu bado hunijia mara mbili tatu kwa mwaka, ila hayanipangii tena siku zangu. Katikati hapo nilitumia pesa nyingi pasipostahili na nikaogopa vitu visivyo vya kuogopa. Naandika ili wewe unayesoma haya umejilaza ubavu, mto katikati ya magoti, usipite mzunguko ule wote.

Mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, aliyenitibu, kwa kusoma, na kwa kiuno changu mwenyewe.

Kabla ya yote, ondoa ya hatari

Maumivu mengi ya kiuno, karibu tisa katika kila kumi, hayana ugonjwa mmoja ambao daktari anaweza kuunyooshea kidole. Yanauma kweli, lakini hakuna kilichovunjika wala kuoza. Hayo machache yanayobaki ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu mazoezi na kukandwa havitayaponya, na kuchelewa kunagharimu.

Nenda hospitali kubwa usiku huohuo, usingoje kukuche, ukiona haya: ganzi sehemu unazokalia, yaani sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, mkojo unagoma kutoka au unatoka bila wewe kujua, haja kubwa inakuponyoka, miguu yote miwili inalegea. Maana yake mishipa ya fahamu, yaani neva, iliyo chini kabisa ya uti wa mgongo inabanwa, na hapo saa zinahesabika. Ikichelewa kufunguliwa, ulemavu unaweza kubaki.

Nenda wiki hiyohiyo kama kiuno kinauma pamoja na homa, jasho la usiku, au kukonda bila sababu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake, huingia pia kwenye pingili za mgongo, na mtu anaweza kukichukulia kama uchovu wa kazi miezi mingi huku mfupa unaliwa. Dawa zake katika vituo vya serikali hapa Tanzania ni bure. Anayefuga, au anayekunywa maziwa mabichi, amtajie daktari jambo hilo, kwa sababu brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nayo hupenda mgongo. Aliyewahi kuugua saratani ya aina yoyote aseme. Mwanamume aliyepita miaka 50 na mkojo unamsumbua apimwe tezi dume. Aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki au mnazi asichuliwe na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha. Mzee, au aliyetumia dawa za steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu, mfupa wake unaweza kupasuka kwa kujikwaa tu. Na kijana ambaye kila asubuhi mgongo ni mgumu zaidi ya nusu saa, ukalegea anapoanza kutembea, amweleze daktari hivyo hivyo. Upo ugonjwa wa viungo wenye tabia hiyo, na una dawa zake.

Kuhusu figo, maana kila mtu husema figo: maumivu yake mara nyingi hukaa ubavuni, chini ya mbavu, juu kidogo ya kiuno, na huja na homa au mkojo unaochoma. Kipimo cha mkojo ni rahisi na kinamaliza ubishi. Na sisi wanawake, kama kiuno kinafuata hedhi, au tumbo la chini linauma na kuna uchafu usio wa kawaida, tuanze na kliniki ya uzazi.

Sentensi moja iliyonigharimu miezi minane

Jirani alisema figo. Shangazi yangu akasema chango. Muuza dawa mmoja akasema ngiri, mwingine akasema neva zimekauka, na wapo walioona ni jicho la watu kwa sababu ya ile oda. Kila jina lilikuja na dawa yake, na nilizinunua.

Halafu nikapiga eksirei. Aliyeisoma hakunigusa wala hakuniuliza nafanya kazi gani. Aliinua picha kwenye mwanga akasema: "Mama, mifupa ya kiuno imesagika. Usiiname tena, usibebe kitu, tafuta kazi nyingine." Dakika tano zikaisha.

Niliishi na sentensi ile miezi minane. Niliacha kukuna nazi, nikaacha kufua, nikaacha kumnyanyua mjukuu wangu. Sujudu niliiacha, nikawa nasali juu ya kiti. Nilikuwa najigeuza kitandani kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Na kadiri nilivyojilinda ndivyo kiuno kilivyozidi kuwa chepesi kuuma, hata nikikohoa naruka.

Sasa sikiliza nilichokuja kukijua baadaye. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, yaani vile vitu laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Wenye miaka 50, asilimia 80. Wenye miaka 80, asilimia 96. Hawa ni watu wasioumwa! Picha yangu ya miaka 46 ilikuwa picha ya mtu wa miaka 46. Kitambaa kilichopauka si kitambaa kilichochanika, na fundi yeyote anajua tofauti. Kwa hiyo usikimbilie MRI, ile picha ya mashine kubwa ya sumaku, kwa sababu tu unaumwa. Picha ni muhimu pale dalili za hatari zipo, au mguu unapoteza nguvu, au upasuaji unafikiriwa. Nje ya hapo unaweza kuuziwa hofu pamoja na picha.

Na kwa nini maumivu yanakaa kama hakuna kilichochanika? Yule mtaalamu alinieleza kwa maneno ya kitabibu nisielewe, nikamwomba arudie, mwishowe nikamfafanulia mwenyewe kwa kazi yangu na akakubali. Cherehani ikikazwa uzi kupita kiasi, kitambaa ni kizima, sindano nzima, uzi mzuri, lakini kila baada ya hatua chache unakatika. Hubadilishi kitambaa. Unalegeza ile skrubu inayobana uzi, robo mzunguko, unajaribu kwenye kipande, unalegeza tena. Maumivu yakipita miezi mitatu, neva zinakuwa zimekazwa hivyo. Kitu kidogo, kama kuokota chaki, kinatosha kuziwasha. Hofu, kukosa usingizi na kukaa bila kujongea vinazidi kukaza. Kujongea kwa kipimo ndiko kunakolegeza.

Kumpata wa kukutibu

Anzia zahanati au kituo cha afya, waondoe yale ya hatari, kisha omba rufaa ya fiziotherapia. Nasema omba, tena kwa kulitaja jina, kwa sababu ukinyamaza huenda ukaondoka na vidonge peke yake. Kwingine kitengo hicho huitwa mazoezi tiba au utengamao. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zinacho. Kwa upande wa Kaskazini kuna hospitali ya KCMC pale Moshi, ambako wataalamu hao hufundishwa pia. Mambo ya upasuaji wa mgongo hupelekwa mahali kama MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Ukiwa na bima, uliza mapema kama inalipa vipindi vya mazoezi na ni vingapi.

Nilipoingia kwa huyu kijana, yule mtaalamu wangu wa fiziotherapia, alinisalimia, "Shikamoo mama," nikaitikia, kisha karibu nusu saa nzima alikuwa anauliza. Maumivu yanaanza saa ngapi, yanashuka mguuni mpaka wapi, kazi gani, nalala vipi, nina mawazo gani. Akaniuliza: "Kitu gani umeshindwa kukifanya ambacho unakitamani kuliko vyote?" Nikamwambia sujudu. Akaandika. Akanitembeza kwa visigino, akanitembeza kwa vidole vya miguu, akaninyanyua mguu mmoja mmoja nikiwa nimelala chali, akagonga magoti kwa kinyundo, akanigusa huku na huku kuona kama kuna ganzi. Ndipo akasema: "Mama, kiuno chako hakijavunjika. Kimeishiwa nguvu, na wewe umekiogopa. Tutakirudishia kazi kidogo kidogo."

Nililia pale, sioni haya kusema. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sijavunjika.

Mtu mzuri utamjua kwa hayo: anasikiliza, anakupima neva za miguu, anakupa kazi ya kufanya nyumbani, na anaitazama ukiifanya mbele yake. Anayekulaza chini ya taa ya joto kila siku na kukuruhusu uende, miezi mitatu, hakutibu. Anayekuuzia vipindi 20 siku ya kwanza kabla hajakugusa, anayeahidi kupona kabisa, anayesema diski imetoka na yeye ataisukuma irudi, anayetoa unga au vidonge asiseme ndani mna nini, hao waache. Unga unaotuliza maumivu ya viungo kwa siku moja kama muujiza mara nyingine umechanganywa na dawa za steroidi, na hizo zikitumika ovyo zinapandisha sukari, zinamaliza mifupa, na kuziacha ghafla ni hatari.

Si lazima uende kila siku. Mimi nilikwenda mara tano katika miezi minne, pesa hazikuruhusu zaidi, na kazi kubwa ilifanyika sebuleni kwangu. Siku ya kwanza nenda na karatasi umeandika: lini ilianza, nini kinazidisha, nini kinapunguza, dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, na lile jambo moja unalolitamani.

Kama maumivu yanashuka chini ya goti hadi kwenye unyayo, yanachoma au yana ganzi, huenda diski inagusa neva ya mguu. Yanatisha, lakini wengi hupata nafuu kwa wiki na miezi bila kisu, na diski iliyovimba mara nyingi hunywea yenyewe. Upasuaji ni wa wachache: mguu unaozidi kupoteza nguvu, zile dalili za usiku huohuo, au maumivu ya mguu yaliyogoma kabisa baada ya kujaribiwa mengine. Kwa kiuno kinachouma chenyewe bila mguu, kisu mara chache ndicho jibu.

Daftari la vipimo

Nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, kule ambako huwa siandiki, nilianza ukurasa wangu. Kijana alisema: pima unavyoweza siku mbaya, punguza kidogo, anzia hapo, na usiongeze kwa sababu leo unajisikia vizuri. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Siku nzuri nilikuwa nafanya kazi zote zilizolala, kesho yake nalala siku tatu.

Nikapima kwa saa ya simu. Kukaa kwenye cherehani: dakika 25 ndipo maumivu yanapanda. Basi nikaanza na 20. Simu ikilia nainuka, hata kama nimebakiza sentimita tano za pindo. Hii ilikuwa ngumu kuliko mazoezi yenyewe, maana fundi hapendi kuacha mshono katikati. Nainuka, naweka mikono kiunoni, najinyoosha nyuma taratibu mara tano, naenda mlangoni na kurudi, nakaa. Kila wiki dakika mbili zaidi. Ukurasa unaonyesha 20, 22, 24, kisha wiki moja imerudi 20 kwa sababu nilipata mafua, kisha 22. Baada ya miezi mitano nilikuwa kwenye 45 na hapo ndipo nilipobaki hadi leo. Sihitaji zaidi ya hapo.

Nazi niliirudisha hivyo hivyo. Wenye kukaa pwani wanaijua mbuzi: umekaa chini karibu na sakafu, miguu huku na huku, mgongo umejikunja, bega linasukuma. Nilianza na nusu ya nazi. Kifuu kimoja nakuna, cha pili anakuna binti. Wiki mbili baadaye nazi nzima, lakini katikati nasimama. Sasa mbuzi nimeiweka juu ya kigoda kirefu kidogo ili nyonga ziwe juu ya magoti, na nazi mbili nakuna bila kufikiria. Kuinama hakukuwa adui yangu. Kuinama bila kipimo baada ya miezi ya kutoinama kabisa ndiko kulikoniumiza.

Mazoezi yangu juu ya mkeka

Asubuhi kabla ya kazi, dakika 12 au 15. Kuvutika na kuuma kidogo ni sawa, mradi kutulie kabla ya kulala. Ukiuma zaidi hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage mkeka. Bana kitovu kwa ndani mpaka kiuno kiguse mkeka, hesabu tatu, legeza. Mara kumi. Kisha vuta goti moja kifuani kwa mikono, hesabu kumi, badilisha, mara tano kila mguu. Kisha, ukiwa bado chali, nyanyua makalio mpaka mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, hesabu tano, shusha taratibu. Nilianza na mara nne, sasa kumi na mbili. Hili ndilo lililonirudishia nguvu.

Geuka, simama kwa magoti na viganja. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kiuno kisiyumbe, hesabu tano, badilisha. Mara sita kila upande. Siku za mwanzo nyoosha mguu peke yake, mkono ubaki chini.

Ukiwa hapohapo kwenye magoti na viganja, rudisha makalio nyuma kuelekea visigino, paji la uso lishuke. Hapo ndipo niliporudia sujudu. Wiki ya kwanza niliweka mito miwili chini ya paji la uso, baadaye mmoja, baadaye kanga iliyokunjwa mara nne, ikakunjwa mara mbili, mwisho paji likagusa mkeka. Ilichukua wiki tisa. Nimeziandika tarehe zote.

Na kutembea. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia uliofuata watu 701 ambao kiuno kilikuwa kimewauma kikatulia. Waliofundishwa kutembea kwa kuongeza taratibu, wakilenga nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa takribani siku 208 kabla ya maumivu kurudi, na wenzao ambao hawakupewa chochote siku 112. Viatu tu na barabara! Mimi nilianza dakika saba. Sasa baada ya alasiri nashuka hadi bustani ya Jamhuri, natazama bandari kidogo, narudi. Jumapili nafika mpaka Raskazone.

Meza, maji, sakafu

Meza yangu ya kukatia ilikuwa sentimita 75 kutoka sakafuni na kiwiko changu nikisimama kiko kwenye 98. Nilikuwa nakata nguo nimejikunja kama ndoano, miaka 20. Nikaweka matofali chini ya miguu ya meza ikafika 92. Chukua futi upime yako leo, ni dakika moja. Stuli nimeacha, natumia kiti chenye egemeo, na kanga iliyosokotwa nimeiweka pale kiuno kinapoingia ndani.

Maji nabeba kwa ndoo mbili za lita kumi badala ya moja ya lita ishirini, safari zikiongezeka ziongezeke. Ya kichwani naomba kutwishwa, kwa sababu kinachoumiza ni ule mnyanyuo wa kutoka chini. Kitu chochote cha kunyanyua, kisogeze kwanza karibu na mwili, kunja magoti, inuka bila kujisokota. Kudeki natumia dekio la mpini mrefu, na kufua nimeweka beseni juu ya benchi.

Dawa na mikono ya watu

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, na mengi niliyoyanunua hayamo. Mkanda wa kiuno haupendekezwi, kuvutwa mgongo kwa uzito hakupendekezwi, na dawa kali za jamii ya tramadoli hazipendekezwi. Kilichomo ni elimu, mazoezi, tiba ya mazungumzo, baadhi ya tiba za mikono kama kuchua, na dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni au diklofenaki.

Hizo mbili za mwisho ni ndugu, usizitumie pamoja. Ni za siku chache wakati maumivu yamewaka, baada ya kula, siyo za kila siku mwaka mzima. Nilichomwa sindano za diklofenaki mara nyingi kwenye duka la dawa hadi tumbo likawa linawaka moto. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo, moyo au mjamzito amuulize daktari kwanza, na ukiona choo cheusi kama lami nenda hospitali. Parasetamoli peke yake kwa kiuno haifanyi kazi kubwa.

Kukandwa kwa maji ya moto mama zetu walikuwa sahihi: taulo iliyokamuliwa vizuri, dakika 15, misuli inalegea. Jaribu joto kwa mkono wako kwanza, hasa mwenye kisukari, maana anaweza kuungua asihisi. Kuchuliwa kunafaa kama mchuaji hatumii nguvu za kuvunja na kama baada ya hapo unainuka kufanya mazoezi. Hijama, yaani kuumikwa, iliwapa nafuu baadhi ya wenzangu. Ukienda, hakikisha wembe ni mpya na unafunguliwa mbele yako. Lakini kumlaza mtu kifudifudi na kumwambia mtoto amkanyage kiuno, tafadhali tuache. Nilifanyiwa, nikashindwa kuinuka siku mbili.

Usiku

Kila mtu ataniambia lala chini, godoro linaharibu mgongo. Nililala kwenye jamvi miezi miwili nikaamka mgumu kama mkonge. Hispania, mwaka 2003, walijaribu na watu 313: waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu sana. Godoro lililobonyea katikati libadilishe ukiweza, usipoweza ligeuze. Ukilala ubavu, mto katikati ya magoti. Ukilala chali, mto chini ya magoti.

Na sema na mtu. Mwaka wangu mbaya kuliko yote mume wangu hakuwa na kazi na nilikuwa nadaiwa kodi ya fremu. Kiuno kilijua. Hiyo haimaanishi maumivu ni ya kufikirika. Moyo uliobanwa unabana misuli na kukausha usingizi, na asiyelala huumwa zaidi. Kumweleza dada yangu ukweli wa deni lile kulinipa usiku wa kwanza wa kulala saa sita mfululizo.

Yakiwaka tena

Yatawaka. Yakija, kwanza naangalia zile dalili za hatari: mkojo, ganzi, miguu, homa. Hazipo? Basi siku ya kwanza naahirisha oda na kumwambia mteja ukweli. Najikanda, nameza dawa niliyoruhusiwa, lakini silali mchana kutwa. Kila saa nainuka kuzunguka nyumba, hata kwa kushika ukuta. Sujudu inarudi kwenye mito miwili, na sihuzuniki, maana mito najua itaondoka. Siku ya pili lile zoezi la kubana kitovu na la kuvuta goti, mara tano tu. Siku ya tatu natembea mpaka mwisho wa barabara yetu na kurudi. Siku ya nne nakaa kwenye cherehani, dakika 20, simu iko juu ya meza kando ya chaki.